Kompyuta yangu ilivyoona ng'ombe wote wa Kipkelion wana upweke

Wakuu, habari za huko kwenu. Mimi ni msomaji tu hapa, huwa siandiki. Leo acha niseme yangu, na sina haja ya kudanganya kwa sababu mjinga wa hii stori ni mimi mwenyewe.

Naona vijana mnabishana juu ya AI kama imeanza jana. Nilijenga moja miaka ya tisini, hapo Kipkelion, kwa ofisi ya society ya maziwa, ule ushirika wa wafugaji. Ilifanya kazi tu generator ya kupoza maziwa ikiwashwa. Ikizimwa, na akili inazima.

Siku hizo njia zilikuwa mbili. Kuna expert system: unakaa na mtu anayejua kazi, unaandika maarifa yake kama sheria, kama hivi basi vile. Halafu kuna neural network: huipi sheria, unaipa mifano mingi ijifunze yenyewe.

Nilianza na sheria. Mtaalamu wangu alikuwa Mzee Tonui, aliyetibu ng'ombe za huko kwetu tangu sijazaliwa. Alikuwa karibu kustaafu, na society ilitaka maarifa yake yabaki. Tulikaa wiki mbili, chai baada ya chai. Kati ya mengi aliniambia ng'ombe akiwa mmoja bomani na amekataa kula, inaweza kuwa ni upweke tu. Ni kweli, mtoe mmoja kwa wenzake utaona.

So swali la kwanza nikaweka: UNA NG'OMBE WANGAPI?

Mkipsigis anayesoma hapa ameshaanza kucheka.

Kwetu mtu hataji hesabu ya ng'ombe zake. Ni mkosi. Nililelewa huko huko, lakini college ilikuwa imenipanda kichwani, nikaona hiyo ni data tu.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja wa ng'ambo ya reli, ng'ombe yake imekataa kula. Nikamsomea swali. Akaangalia dirisha, akasema, "Moja." Ng'ombe za huyo mzee zikienda maji zinafunga barabara. Nikaandika moja. Mashine ikajibu: UPWEKE. TAFUTA MWENZAKE.

Wa pili, moja. Upweke. Wa tatu akasema ni kamoja tu, tena kadogo. Upweke.

Na watu waliamini, wakuu. Walisema mashine haina ukoo, itadanganya kwa nini? Jamaa mmoja alipeleka redio bomani. Mwingine aliwekea ng'ombe yake kioo, ikakipiga kichwa kikavunjika, akaja kuniuliza kama hiyo ni dalili ya kupona.

Nikaona shida ni sheria. Nikahamia njia ya pili, nikalisha mashine kesi zote zilizokuwa kwa faili, pamoja na majibu yake. Ilijifunza vizuri sana. Ilijifunza kwamba hapa kila mtu ana ng'ombe moja.

Hapo ndipo Malkia akaugua.

Malkia ni ng'ombe aliyeachwa na baba alipofariki, na mama alimpenda kuliko mimi. Alikuwa anakohoa, nyasi hataki. Mama akaja ofisini, foleni ndefu nyuma yake. Nikamsomea swali. Akaniangalia vile alikuwa akiniangalia utotoni nikiongea kanisani.

"Moja," akasema.

Sasa hiyo boma nimeichunga mimi. Idadi naijua, na vidole viko kwa keyboard.

Nikaandika moja.

"Upweke?" mama akauliza. "Na wale analala nao ni akina nani?"

Foleni ikacheka. Kusema mashine imekosea, ingebidi nitaje idadi mbele ya watu wote. Nikaita anayefuata. Mama, kwa kuheshimu kazi ya mtoto wake, akaenda akamfunga Malkia karibu na ndama ya jirani wapige stori. Siku mbili.

Siku ya tatu nilishindwa, nikamwita Mzee Tonui. Alisimama kidogo kwa mlango wa boma, akapitisha macho ndani. Akamshika Malkia chini ya sikio, tezi zimefura.

"Hii ni homa ya kupe," akasema. "Mngeniita juzi."

Alimdunga sindano, lakini Malkia alikufa kabla jua halijatua. Nililia, mtu mzima na cheti changu. Mzee aliachia mama dawa ya kuosha wale wengine, ikatosha wote bila kubaki, na hakuna mtu alikuwa amemwambia wako wangapi.

Nikamuuliza kwa nini hakunifundisha kuhesabu hivyo kwa macho, bila kuuliza.

"Uliniuliza ninajua nini," akasema. "Hukuniuliza ninanyamaza wapi."

Funzo langu ni hili. Ile ya sheria inajua yale mtu anaweza kusema. Ile ya mifano inajua yale watu waliandikisha. Lakini msilaumu mashine sana. Siku ile mwenye kujua ukweli alikuwa ameketi mbele yake, akaidanganya, na mama yangu akapoteza Malkia.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Tukaneni, ulizeni chochote, nitajibu. Ila ng'ombe za mama zilikuwa ngapi, hiyo hata nyinyi siwaambii.