Vibakuli Visivyo na Kovu

Saa tisa alasiri. Bi Bilauri ametoka zamu ya asubuhi na hajavua hata viatu. Ameketi mezani chumbani kwake, kibakuli cha sukari mkononi, anamulika ndani kwa tochi ya simu huku kidole gumba kikipapasa kitako. Anatafuta kovu. Halipo. Anakiweka kushoto, pamoja na vingine kumi na vinane ambavyo havina pia.

“Nimevikagua vyote mara tatu wiki hii,” anasema. “Jibu nalijua. Moyo ndio unagoma.”

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane huosha vyombo katika jiko la hospitali. Wenzake ndio waliompa jina hilo, maana glasi haipiti mbele yake bila kugeuzwa na kuchunguzwa chini. Wanamtania kwamba chai hainywi mpaka akiulize kikombe ukoo wake.

Kwa miaka kumi na moja, kila siku ya mapumziko, amekuwa akitafuta habari za karakana moja ndogo ambayo hakuna kitabu kinachoitaja. Ilitengeneza vyombo vya kioo cha kukandamiza: kioo cha moto kinakatwa kwa mkasi, kinadondoka ndani ya kalibu ya chuma, kinashindiliwa, kinatoka kibakuli chenye nakshi. Vilikuwa vyombo vya watu wa kawaida, na waliovitengeneza hakuna aliyehangaika kuwaandika. Mkasi huo aliushika mama yake.

Alichokuwa nacho ni alama tu, kitana kidogo kilichochorwa chini ya kila chombo. Kwa alama hiyo alizunguka masokoni na kwenye makabati ya majirani hadi akafikisha vyombo arobaini na vitatu. Mwaka jana makumbusho ya mji yalipokea sita, visafi kuliko vyote, yakaviweka kwenye rafu pamoja na majina ya mafundi wanne aliyoyasikia utotoni. La mama yake lilikuwa la kwanza. Siku hiyo alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Miezi miwili iliyopita akampata fundi kalibu, mzee wa miaka themanini na minne, wa mwisho aliye hai. Akampelekea kibakuli chake kizuri kuliko vyote.

“Hiki si chetu, mwanangu,” mzee akasema.

“Si chenu vipi, baba? Kitana hiki hapa.”

“Kitana ni cha kalibu. Karakana ilipokufa tuliziuza kalibu zote. Kiwanda kikubwa kikazichukua, hata alama hawakuisugua. Chetu kina kovu ndani, pale mkasi ulipokata. Wao walikirudisha chombo motoni, kovu likayeyuka. Sisi kuni za kuchezea tungezitoa wapi?”

Vyenye kovu Bi Bilauri aliwahi kuwa navyo, zaidi ya ishirini. Aliviona vibovu. Kila alipokuta kisafi kwa muuza vyombo, alitoa viwili vyenye kovu apewe kimoja, hadi vyenye kovu vikaisha, na akarudi nyumbani akijipongeza kwa ujanja wake.

Alikimbilia kwa muuza vyombo kesho yake. “Vile vyenye ufa, dada?” yule bwana alishangaa. “Si vilikosa mtu? Nikawapa wasaga chupa. Zamani hizo.”

“Kazi ya mkono wa mama yangu nimeitupa mwenyewe,” anasema, na sasa machozi yanamtoka. “Nikabaki nafuta vumbi vyombo vya watu. Miaka kumi na moja! Afadhali ningelala.”

Mzee alimshauri anyamaze, kwani nani atajua? Binti wa Bi Bilauri, anayeishi naye, anasema vivyo hivyo. “Mama, watu wanasoma jina la bibi pale. Unataka kulitoa ili iweje?”

Kusema kweli, wengi wetu tungenyamaza. Yeye ameshindwa. Anasema tangu siku ile hajakanyaga makumbusho, kwa sababu akilifikiria lile jina juu ya kazi ya wengine anajisikia kama amemfanya mama yake mwizi.

Kabati la nyumbani limefungwa; hulifungua kwa kukagua tu. Binti yake anasema siku hizi mama yake anakula kidogo na hazungumzi. Jikoni hospitalini glasi zinapita, hazigeuzi tena.

Alhamisi ni siku yake ya mapumziko, na amepanga kwenda kumweleza msimamizi wa makumbusho. Kwa simu alishamdokeza ombi lake: watoe vyombo, waache majina. Msimamizi alicheka kwa upole, akamwambia hakuna anayeonyesha rafu tupu. Vikishuka vyombo, majina yatashuka navyo.

Atakwenda hivyo hivyo.

“Nitamwambia vyombo ndivyo vya uongo,” anasema. “Mama yangu alikuwepo.”