Bibi Alisema Nimeruka Neno

Usiku wa kuamkia leo nilimwota Bibi kwa mara ya kwanza tangu akutwe ameuawa uani kwake.

Nilikuwa mahakamani, kwenye lile benchi la mashahidi, ila mahakama ilikuwa pia jiko letu. Masizi ukutani, mlango hakuna. Nilipapasa ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, hadi Bibi akaniambia nikae. Alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Kichwani hana lile jeraha. Nikamwamkia.

"Marahaba, mke mwenzangu."

Akanipa karatasi nimsomee. Bibi hakujua kusoma, lakini zamani nikimsomea barua za Mjomba alinikamata kila niliporuka mstari. Nikaitambua. Ni maelezo yangu ya polisi, sahihi yangu iko chini. Nasoma kwamba nilimwona Musa akitoka uani kwa bibi yangu, anakimbia. Bibi anasimamisha ungo.

"Umeruka neno."

Nasoma tena. Sauti haitoki. Kuta zimesogea, na sasa mimi ndiye niko kizimbani, mbao zimenifika kidevuni. Musa amekaa pale nilipokuwa mimi, na madumu yake ya maji. Ndiye aliyekuwa anatuletea maji kila asubuhi kwa mkokoteni, akinitania kwamba siku nikiolewa mume wangu atadhani ameoa kabati, kwa nilivyo mkimya. Leo hanitanii. Sare ya gereza inampwaya. Ananitazama tu.

Mimi nilimwambia askari kwamba nimemwona mtu kama Musa. Nilimwona kwa nyuma, asubuhi ya ukungu, amevaa koti la mvua la njano kama la Musa. Makoti yale mtaani kwetu wanayo wengi. Askari akaandika, akanisomea harakaharaka, na ile "kama" haikuwemo. Niliona kabisa kwamba haimo. Lakini Mama alikuwa pembeni analia, afande ameshaninyooshea kalamu, nikaona aibu kumrudisha mtu mzima nyuma kwa ajili ya neno moja. Nikasaini. Mahakamani wakili akaniuliza nina uhakika, watu wote wakanigeukia, nikajibu ndiyo ili nishuke. Musa akahukumiwa kunyongwa. Mama yake alianguka palepale. Mama yangu alinikumbatia.

Rufaa yake inasikilizwa mwezi ujao, na hadi jana sikuwa nimemwambia mtu.

Mbao zimefika mdomoni. Nainua kichwa ili nipate kusema.

"Bibi, nikisema, Mama ataona namtetea aliyekuua."

"Aliyeniua unamjua?"

"Simjui."

Anapepeta. Pumba zinanijia usoni, machoni, puani, nashindwa kupumua, na yeye hata hageuki.

"Basi kamwambie mama yako hivyohivyo."

Nikaamka shuka limenizonga shingoni. Kulikuwa kumeshakucha. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai, amenipa mgongo, na nadhani kama angenitazama nisingeweza. Nikamwambia kwamba Bibi amekuja. Akauliza amesemaje, taratibu, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Mama, yule mtu sikumwona uso. Nilisema kama Musa. Hawakuandika."

"Rudia."

Nikarudia. Nikaongeza na ile ya mahakamani, kwamba niliitikia tu.

Hakunipiga. Hakulia pia, na hilo ndilo lililonitisha. Alimimina chai kikombe kimoja, akainywa amesimama, yote, ikiwa ya moto vile. Kisha akaenda kuoga, na ndipo nimepata nafasi ya kuandika haya. Ila kabla hajaingia bafuni aliniambia leo shule siendi. Nitoe gauni langu la sikukuu nilipige pasi, kwa sababu kwa mama yake Musa hatuwezi kwenda nimevaa sare.