Waya Kwenye Umuvumu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, zamani za Wabelgiji, baba yangu alifunga waya wa redio kwenye mti ambao bibi alikataza usiguswe, na juma halikuisha mama akawa ameondoka nyumbani. Nimezeeka sasa, na bado mambo hayo mawili hunijia yakiwa yameshikana mikono.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi. Mzungu mmoja ambaye baba alikuwa akimshonea suti, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia redio ya betri, kubwa kama kasha la nguo. Tuliiwasha ikatoa mvumo tu, kama mvua juu ya migomba.

"Haina masikio," baba alisema. "Tutaitengenezea."

Dereva wa lori akampa dinamo iliyoungua. Tuliifungua nyuzi zake za shaba, mimi nimeshika ncha, baba akirudi kinyumenyume hadi barabarani, kisha akazisokota pamoja zikawa waya mmoja mrefu. Kazi yangu ilikuwa shingo za chupa. Waya usiguse mti, baba alinieleza, maana mti una maji na maji hunywa sauti. Kila ncha ifungwe kwanza kwenye kioo. Basi nilizungushia chupa uzi uliolowa mafuta ya taa, tukauwasha, tukaitumbukiza chupa katika maji baridi. Tak! Shingo inatoka safi. Sijapata tena furaha ya namna ile katika kuvunja kitu.

Ncha moja ilikaa juu ya mlingoti wa jikoni. Ya pili baba aliitakia umuvumu uliosimama nyuma ya uwanja wetu, mti mpana, umebaki peke yake pale palipokuwa na boma la watu wa zamani. Bibi, mama yake baba, alizaliwa Rugerero kabla hajaolewa na Mwislamu wa mjini. Aliswali swala zote tano, lakini akipita chini ya mti ule alishusha sauti.

"Yusufu," akasema, "ule muti haufungwagi kitu. Iko na wenyewe."

"Ni kamba tu, mama. Sipigi musumari."

"Kamba, musumari, ni kimoja. Utaita mutu wa mbali, na mutu wa humu ndani atatoka amufuate. We funga tu. Mi nimesema."

Baba akafunga. Waya mwingine akaushusha hadi ardhini, akauzika pamoja na kipande cha bati penye udongo wa majimaji.

Jua lilikuwa linazama, ziwa limekuwa rangi ya chai. Baba alikuwa juu ya paa akikaza waya, mama na mimi tuko ndani tukichambua maharage. Mvumo wa redio ukaanza kupasuka. Muziki ukapita, ukazama. Kisha sauti ya mwanamume, ikisoma salamu kwa Kiswahili, ikija na kurudi kama mtu anayetembea kwenye ukungu.

Mama akasimama ghafla. "Karame!" akaitika, kama mtu anavyomwitika mkubwa wake. Maharage yote yakamwagika. Redio ikarudi kwenye mvumo.

"Ulisikia?" akanishika bega. "Ulisikia vile wamesema? Kaka Idi iko Kamituga. Ananisalimia mi, Zaina wa Gisenyi!"

Mjomba Idi alivuka Goma na lori la mizigo nikiwa mdogo sana, asirudi. Hitima yake ilikwisha kusomwa.

Mimi sikusikia jina lolote. Lakini sikuwahi kumwona mama na uso kama ule, na sikuwa na nguvu ya kuuzima.

"Ndiyo, mama. Nimesikia."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Zaina," alisema polepole, "sauti yenye haina mutu, haiitikwi." Kisha akachuchumaa akatusaidia kuokota maharage.

Baba aliposhuka alijaribu kumtuliza. "Labda ni jina linafanana."

"Mutoto amesikia," mama akajibu.

Siku ya tano mama alipanda meli ya Bukavu kwenda kumtafuta, pamoja na shangazi yake. Bibi alitaka waya ushushwe, baba alikataa. Kila jioni aliketi mbele ya redio, sasa akimtafuta mkewe. Asubuhi moja nilikwenda kwenye umuvumu nikauomba msamaha kwa Kinyarwanda, kwa kuwa niliamini ndiyo lugha yake.

Maulidi ilikwisha kupita mama aliporudi, ameshikana na mtu mwembamba mwenye fimbo. Bibi ndiye aliyepiga vigelegele wa kwanza. Mama alikuwa amemkuta kweli Kamituga, katika kambi ya wachimba dhahabu, anaumwa kifua, anaona haya kurudi mikono mitupu. Tulipomwuliza mjomba juu ya salamu alicheka hadi akakohoa.

"Redio? Mi? Hata siku moja sijatuma salamu."

Aliishi nasi karibu miaka miwili, akafa kitandani, sisi wote tumemzunguka.

Pengine rafiki yake alituma. Pengine mama alikuwa amelisikia jina la Kamituga kwa wapagazi pale mpakani, likamkaa moyoni bila yeye kujua. Au bibi alisema kweli tupu, kwa maana mtu aliitwa na mtu akatoka. Mama aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na kila mara alimaliza: "Muulizeni Zuhura, alisikia." Nami niliinamisha kichwa kukubali. Nilidanganya, na uwongo ule ukamfikisha mama kwa ndugu yake. Nimeuombea toba mara nyingi. Lakini kutamani kwamba nisingaliusema, hilo bado sijaliweza.