Mbabula chini ya dirisha ya chumba ya kupasulia

Leo nimezima moto ya mama mukwe, na sasa haniongeleshe tena.

Banadada, musikilize kwanza, njo munihukumu.

Mutoto wangu Ilunga alikuwa mu chumba ya kupasulia, banamukata tumbo. Sisi tulingoja inje, chini ya dirisha. Mama mukwe akawasha mbabula, jiko ya makala. Kwabo, mugonjwa akilala, moto yake haizimike mpaka aamuke.

Enfirmie, musaidizi wa munganga, akatosha kichwa ku dirisha. "Muzime ile moto, basenji, bantu ya pori."

"Weye mutoto wa nani?" mama mukwe akamujibu. "Mama yako alikuzalia mu baridi?"

Bantu bakacheka. Na minyi pia, kidogo.

Pale enfirmie akanigeukia minyi: "Mama, dawa yenye inamulalisha mutoto, harufu yake inashika moto. Ikiwaka, tunaungua sisi bote humu, na mutoto pia."

Kumbe. Sasa juu ya nini hakusema vile toka mwanzo? Kwa ile "basenji" yake, moto ingebakia, na mutoto wangu angekufa.

Nikakamata ndoo, nikamwanga maji yote ku mbabula. Majivu ikaruka mpaka ku kikwembe, kitambaa yenye mama mukwe alijifunga.

"Umemuua mutoto wako," akasema mbele ya bantu bote.

Nikangoja.

Nyuma bakamutosha Ilunga. Alipoamuka, neno yake ya kwanza: "Nkambo," akaita nyanya yake, "niko na baridi."

Mama mukwe akaniangalia vibaya. Akafungua kikwembe yake, na majivu yake yote, akamufunika.

Haya, munihukumu sasa.

Minyi niko hapa, namusikia Ilunga anapumua.