Polisi Asiyejua Kuvua

Baba yangu bahari ilimkataa. Si utani. Mbajuni wa Chula, kisiwa cha pwani ya Somalia, mwana wa wavuvi na mjukuu wa wavuvi, lakini akipanda chombo tu, hata nanga haijang'olewa, ashaanza kutapika. Babu alimpa ndimu anuse, akamfunga hirizi, akamsomea, wapi! Alirudi pwani amelegea kama kitambaa cha kupigia deki. Na watu wa Chula hawana huruma wakipata la kucheka. Walimwita Mbajuni wa nchi kavu mpaka akaoa, na siku ya harusi wakamwimbia hivyo hivyo.

Ndiyo maana akawa polisi. Alikwenda Kismayo akafunzwa, akarudi na kofia, filimbi, rungu na Kisomali cha kiaskari. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha mawe karibu na pwani, yeye na mwenzake mmoja aliyetoka bara. Kesi zenyewe ungezisikia ungecheka. Mbuzi wa fulani kala makuti ya fulani, wanawake wametukanana kisimani, kuku katagia kwa jirani na jirani kayala mayai. "Polisi wa kuku," mama alikuwa akimtania. Naye humjibu, "Na wewe ni mke wa polisi wa kuku, haya, nipe chai."

Shida yake ilikuwa kwamba kisiwa chote ni jamaa zake. Utamkemeaje ami yako kwa Kibajuni? Ulimi wenyewe hukataa. Siku moja ami yake, fundi wa mashua, mzee wa hasira za karibu, alimpiga jirani kwa mpini wa tezo kwa ajili ya ubao mmoja. Baba akatoka kituoni, akavaa kofia, akapuliza filimbi, akasema, "Joogso!" Ndiyo "simama" kwa Kisomali. Akamsomea ami yake Kisomali kikavu, sheria kwanza na adabu baadaye, mzee kainamisha kichwa. Alipomaliza akaivua kofia, akaitia kwapani, akaushika mkono wa ami yake akaubusu, akamwomba radhi kwa Kibajuni, taratibu, kama mwana yeyote. Watu walishika mbavu. Lakini mzee hakumpiga mchu tena. Mchu, ndivyo tusemavyo sisi. Nyinyi mwasema mtu.

Kisha serikali ikaanguka. Mwenzake wa bara akachukua bunduki ya kituo, nayo ilikuwa hiyo hiyo moja, akaenda zake. Simlaumu, alikuwa na watoto wake wa kuwafikia. Mshahara ukakatika. Baba akaendelea kufungua kituo kila asubuhi, akafagia, akakaa. Mama akawaka.

"Serikali imekufa, wewe wamfungulia nani?"

"Serikali imekufa," akasema. "Mwizi je? Amekufa naye?"

Mama akaenda kuinjika chungu kwa kishindo.

Na mwizi kweli alikuwa hai. Vijana wenye bunduki walikuwa wakivuka kutoka bara, wakiingia kisiwa baada ya kisiwa. Kisiwa cha Ngumi, jirani yetu, walikwisha kukiingia. Walichukua mashine za mashua, nyavu, sufuria, dhahabu masikioni mwa wanawake. Na wasichana. Hilo watu wetu hulisema kwa sauti ya chini mpaka leo, na wengine hawalisemi kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunika buibui, basi jua mwenyewe mama alilala vipi.

Walifika Chula baada ya sala ya alasiri. Baba alikuwa nyumbani anakula wali wake na papa mkavu, tukasikia mtu apita mbio akipiga ukelele. Akanawa mkono. Akavaa sare yake yote, akafunga vifungo vyote hata kile cha shingoni ambacho siku zote alikilalamikia. Mama kamshika mkono wa shati, amvuta.

"Huna hata risasi, mume wangu! Wenda na nini?"

"Mchukue mwanao, ingieni mikokoni. Mimi nitawaweka hao kidogo."

Hilo "kidogo" ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake kwa lugha yetu.

Tulikimbia, wanawake na watoto wa kisiwa kizima, tukatumbukia mikokoni, matope mpaka magotini. Nikasikia filimbi. Kisha sauti yake, ile sauti ya kofia: "Joogsada!" Simameni nyote. Nikasikia wakicheka. Akasema nao, muda mzuri, mpaka hata bibi vizee wetu wakawahi kuingia ndani kabisa kwenye majani mazito. Sijui aliwaambia nini. Nadhani aliwasomea sheria kama alivyomsomea ami yake, maana hakuwa na jingine la kuwapa. Kisha filimbi tena, kisha risasi. Ya Rabi! Mama aliniziba mdomo kwa kiganja chake, nami ndipo nikajua kumbe anayelia kwa sauti ni mimi.

Siku ile hakuchukuliwa msichana hata mmoja. Mashine walichukua, vyungu walichukua, rungu lake walichukua. Yeye tulimkuta pale pale aliposimama, jeraha zote kifuani, mgongoni hakuna hata mkwaruzo. Ami yake ndiye aliyemwosha, na alikuwa akimwosha huku akimwambia, "Basi, baba, basi, wamekwenda."

Hatukukaa tena. Chombo kilichotuleta Kenya kilijaa watu hata pa kunyosha mguu hapana, na mama eda yake akaimalizia kambini, chini ya turubai, amegeuzia uso ukutani, na ukuta wenyewe ni nailoni. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyetusimamia. Alitupangia foleni, akatutafutia maji, akagombana na watu kwa ajili yetu. Sitaki asikike mbaya katika maneno yangu, maana hakuwa.

Ikawa watu wanaitwa kuhojiwa, wakikubaliwa wapelekwe Ulaya. Waliotangulia wakarudi na mawaidha. Mjomba akamkalisha mama.

"Dada, usiseme polisi. Askari wa serikali ile? Watasema aliwatesa watu. Na Mbajuni polisi nani atakuamini? Mbajuni ni mvuvi. Sema mvuvi, umalize."

Mama akacheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu Chula. "Yule? Mvuvi? Akitapika kwenye maji ya magoti!"

Lakini alijifunza. Siku nzima mjomba amsomesha kama mtoto wa chuoni: mumeo alivua nini? Changu, tafi, kolekole. Alivulia nini? Mshipi na nyavu. Alikufaje? Walikuja kumwibia mashine ya mashua, akakimbia, wakampiga risasi akikimbia. Mama alikuwa akirudia, na mwisho hapo sauti yake hushuka. Mjomba humwambia, "Tena, dada." Naye akasema tena.

Siku yenyewe nilikaa ubavuni pake. Mhoji alikuwa bibi wa Kizungu mwenye uso mzuri, na mkalimani kijana wa Kiswahili cha bara. Wakamuuliza habari za visiwa, akajibu kama maji. Wakamsikiliza matamshi yake, mchu hivi na mchu vile, wakaridhika kuwa ni Mbajuni kweli. Kazi ya mumeo? Mvuvi. Alivua nini? Changu, tafi, kolekole. Moyo wangu ukaanza kutulia. Nikaanza kuifikiria Ulaya, nikijiona na koti.

Kijana akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mama, walimpiga alipokuwa akikimbia?"

Mama akanigeukia. Nikamfinya paja. Wallahi nilimfinya mpaka kucha zangu zikaingia.

"Hakukimbia," akasema.

"Samahani?"

"Tuliokimbia ni sisi. Mimi na huyu mwanangu. Yeye aliwaambia 'Joogso', wasimame. Hawakusimama. Akasimama yeye." Kisha akajinyosha kitini, akaweka shela yake sawa. "Mume wangu hakuwa mvuvi. Alikuwa polisi. Samaki hata kumpara alikuwa hajui."

Yule bibi akaweka kalamu chini. Waliuliza mengi baada ya hapo, mama akayajibu yote kwa kweli, lakini mambo yalikwisha kuharibika. Mtu aliyesema mvuvi kisha akasema polisi, huyo ni mwongo, na mwongo hapelekwi mahali. Tukakataliwa. Mjomba, aliyeeleza kisa chake na kumtia humo shemeji mvuvi aliyeuawa akikimbia, akaitwa akaenda. Alituaga akilia kama mtoto. "Neno moja tu, dada," akasema. "Neno moja tu lilikushinda?"

"Lilinishinda," mama akasema.

Kambi ikafungwa, tukaja Mombasa. Mama akauza mahamri na mbaazi mlangoni miaka yote, akaunguza vidole, akafukuzwa nyumba, akashikwa na polisi wa hapa mara kadhaa kwa kukosa kitambulisho. Ajabu ni kwamba hakuwatukana. Nilimkasirikia? Nilimkasirikia sana, hasa nilipoona picha za binamu zangu kwenye theluji na viatu vyao vipya. Lakini hilo hatukulizungumza kamwe. Kila mwaka alimsomea baba hitima kwa sahani moja ya wali, na kabla ya kuanza huwaambia jirani, "Marehemu alikuwa polisi."

Mama alikufa mwaka uliopita. Mjomba akaja kutoka Ulaya, mzee sasa, koti kubwa, magoti mabovu. Siku ya hitima tulikaa barazani pamoja na jirani, mmoja akamuuliza habari za marehemu baba yangu. Mjomba akaanza vizuri, kwa mapenzi. Shemeji yangu, akasema, alikuwa mvuvi hodari. Hapana aliyemshinda kwa mshipi. Walikuja maharamia, masikini, akakimbia...

Nilimtazama usoni kama anajua asemalo. Hajui. Kisa kile amewaeleza wakubwa wa huko, akawaeleza wanawe, wajukuu zake wamekua nacho, mpaka kikamla mwenyewe.

Nami nimkemeeje? Ni mjomba wangu. Alitubebea maji kambini. Kwa lugha yetu nikafungua mdomo, haukutoka hata upepo. Basi nikasimama, mbele za watu, mimi na mtandio wangu wa matanga.

"Joogso, mjomba," nikasema. "Joogso!"

Jirani zetu wa Mombasa hawajui neno lile. Mjomba alilijua. Kahawa ikamwagikia koti. Nikakaa chini mbele yake, nikaushika mkono wake nikaubusu, nikamwomba radhi kwa Kibajuni, taratibu.

Alilia mpaka akakosa pumzi. Kisha akawageukia wale jirani, akapangusa uso kwa kiganja.

"Hakukimbia," akawaambia. "Alikuwa polisi. Bahari ilimkataa."