Sukhoi na Rafale Bila Rubani

Felisian wa Chala hajawahi kupanda ndege. Lakini ukimgusia habari za ndege za kivita, tafuta pa kukaa kwanza, maana hamalizi leo. Zote amezisoma kwenye simu. Hata maksai wake wawili, aliowanunua kwa Shija mfugaji, aliwabatiza upya: mmoja Sukhoi, mwingine Rafale.

"Ndege za siku hizi," alituambia siku moja mashineni, nyusi zimejaa unga, "zinakata kona mpaka rubani anakuwa mzito mara tisa. Wewe Shija una kilo themanini, sivyo? Kwenye kona ile unafika mia saba na ishirini. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaingia giza. Ndege inaweza zaidi, ila mtu anaichelewesha. Za kesho hazitakuwa na rubani kabisa."

"Bila mtu zitaishia kwenye mahindi ya jirani," Shija akamjibu. "Mimi nimechunga tangu sina meno. Najua."

"Basi Jumamosi nitawaonyesha. Maksai wangu watapeleka mahindi mashineni peke yao."

Sasa ngoja niwaambie kitu. Tangu Kwaresima Felisian alikuwa ameacha pombe. Aliapa mbele ya jumuiya nzima, na mkewe Coleta akaongeza lake: siku akisikia mumewe ameonekana kwa Albina, muuza pombe ya ulezi, fimbo ya maksai inahamia mkononi mwake yeye Coleta, pamoja na mkokoteni wenyewe. Na mkokoteni ule kwa Felisian ndio kazi, ndio heshima, ndio urubani wake aliojaliwa.

Jumamosi ikafika, asubuhi ya Julai yenye ule upepo unaopenya hadi kwenye mbavu. Alipakia magunia sita, akafunga nira, akailaza fimbo juu ya magunia. Maksai wakaondoka. Sisi nyuma, hatua kama ishirini: Felisian, Shija, mimi, na Coleta na ungo wake.

Na kweli walikwenda vizuri! Shimo wakalikwepa. Baiskeli ikaja, wakaipisha.

"Mnauona wepesi huo?" Felisian akasema, mikono nyuma kama jenerali.

Coleta mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu. Tukafika njia panda ya kanisani. Mashine iko kulia. Sukhoi akakata kushoto.

Ndugu zangu, kona ile, na magunia sita! Felisian alipiga mluzi, akatoka mbio. "Rafale! Kulia! Kulia, mshenzi wewe!" Rafale hakuwa na habari naye. Waliingia uani kwa Albina, wakapita katikati ya mabenchi bila kugusa hata moja, wakasimama chini ya dirisha la jikoni na kuinamia karai.

Albina alisikia magurudumu, akaita kutoka ndani:

"Karibu, baba Adela! Leo mbona mapema? Machicha ya Sukhoi yako kwenye karai, na kopo lako nimelifunika."

Tulisikia maksai wakitafuna. Shija akavua kofia, akaishika kifuani.

"Mwenzangu, nisamehe. Kumbe bila rubani zinafika kabisa."

"Mama Adela," Felisian akaanza, "hawa wanyama wana akili ya ajabu, sijui nani amewa—"

Coleta alimpa ungo aushike. Akapanda juu ya magunia, akaokota fimbo.

Mpaka leo ndiye anayeendesha. Felisian hutembea pembeni, na ndege bado anatusimulia, ila amerekebisha kidogo. Anasema za kesho zitaruka nyingi zisizo na mtu, lakini mbele yao lazima iwepo moja yenye mtu wa kuziongoza.

"Mtu gani?" Shija humuuliza kila mara, na Felisian hujifanya anakagua gurudumu.

Wakifika njia panda ya kanisani, Sukhoi hugeuza shingo kushoto. Coleta huinua fimbo, hapigi. Sukhoi na Felisian, wote wawili, hunyoosha shingo mbele.