Nashilu amechoka kuitwa Kari

Saa tisa alasiri, Nashilu Kasaine amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza ukutani upumzike. Mbele yake kuna ubao wenye mistari ya vipimo. Analaza ua la waridi juu yake, anatazama linaishia wapi, analiweka kwenye fungu lake. Kisha lingine.

Ndiyo kazi yake katika shamba moja la maua hapa Usa River: kupanga maua kwa urefu. Chumba kina baridi makusudi, maua yasichanue mapema. Vidole vyake vimechomwa na miiba mpaka vimezoea.

"Mgongo ndio unaniua," anasema. "Nikitoka hapa natamani kulala tu, lakini mazoezi nayo yananisubiri."

Nashilu, mwenye miaka ishirini, ndiye anayeongoza mpira katika timu ya kikapu ya wanawake ya Tengeru. Huko hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Kari, wakimfananisha na Stephen Curry, yule Mmarekani anayefunga kutoka mbali.

Ilianza kama mzaha. Alifunga kutoka mbali mara mbili katika mechi moja, basi, akawa ameshapewa jina. Na sisi mashabiki tukishampa mtu jina, hatumwachii. Vijana wa bodaboda wanabishana kijiweni kama ameshamfikia au bado.

"Mimi si wa kutupa mbali," anasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza hilo mpaka akachoka. "Mimi ni wa kumtafuta mwenzangu. Lakini nikitoa pasi wananizomea."

Mwezi uliopita alikuja Agnela, kocha wa klabu moja ya wanawake ya Dar es Salaam, kutafuta mchezaji wa kuongoza mpira. Nafasi hiyo ingemtoa Nashilu kwenye baridi ile. Dakika ya mwisho ya mechi aliyokuja kuitazama, timu ya Nashilu ikiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulikuwa mkononi mwake. Jackline, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa peke yake chini ya goli. Nashilu alimwona.

Uwanja mzima ukapiga kelele: "Tupa, Kari!" Akatupa. Mpira haukugusa hata ringi.

Mechi ilipokwisha alimfuata kocha, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," Agnela alimjibu. "Huyo Kari mimi namwona kwenye simu kila siku. Nilipanda basi kuja kumwona Nashilu, na sijamwona."

"Nililia njia nzima," Nashilu anasema. "Iliniuma kwa sababu alisema kweli."

Kocha anarudi Jumamosi hii kwa mara ya mwisho kabla hajachagua mchezaji. Nashilu amemwomba Jackline asilitaje tena jina lile.

"Mimi nimeacha," anasema Jackline, anayefanya kazi meza ya pili. "Lakini Tengeru nzima nitaizibaje mdomo?"

Saa kumi wanaruhusiwa kutoka. Nashilu anapita getini akiburuta miguu. Ng'ambo ya barabara, dereva wa bodaboda anapaza sauti: "Kari! Jumamosi tuko wote!"

Nashilu anageuka, anampungia mkono. Halafu anashtukia alichofanya, anasonya.

"Umeona? Bado naitika," anasema. "Jumamosi wakiniita hilo jina, nataka nisilisikie kabisa. Nimsikie Jackline tu, akiniomba pasi."